Afisa Habari ni mimi peke yangu kwenye halmashauri, nimepewa barua ya kujieleza. Naombeni ushauri

Binti wa Shangani
Habari zenu wakuu. Mimi ni Afisa Habari kwenye halmashauri moja hapa mkoani Mtwara. Ikama (idadi ya watumishi inayotakiwa) inasema tuwe watatu, lakini tangu mwenzangu ahamie Dodoma nimebaki peke yangu. Picha mimi, tovuti mimi, hotuba za viongozi mimi.

Juzi baada ya mnada wa korosho malipo yalichelewa. Kwenye magrupu ya WhatsApp ikazunguka sauti kwamba halmashauri imekalia hela za wakulima. Saa moja usiku mwandishi wa redio akanipigia. Mkurugenzi alikuwa safarini, hapatikani. Afisa Utumishi akasema nisubiri. Nilisubiri mpaka saa tatu, halafu nikamweleza mwandishi ninachokijua: hela ya mkulima haipiti kwetu, inatoka kwa mnunuzi inakwenda chama kikuu cha ushirika, ndipo inaingia akaunti ya mkulima. Sisi tunapata ushuru wa mazao tu.

Alhamisi mhudumu kaniletea barua. Nimesaini dispachi mkono unatetemeka. Nijieleze ndani ya siku saba kwa nini nimeongea na vyombo vya habari bila kibali. Nijibuje? Au niombe tu uhamisho kwenye ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi?

Mzee wa Mikindani
Pole sana mwanangu. Nimestaafu utumishi, barua kama hizo nimezipokea na nimeziandika. Jibu ndani ya muda, ukurasa mmoja. Taja saa mwandishi alipopiga, saa ulipomtafuta Mkurugenzi, saa ulipoongea na Utumishi, uambatishe na picha ya rekodi za simu. Habari ya kubaki peke yako usiitie humo, itasomeka kama kisingizio. Hiyo iandikie dokezo lake, baadaye.

Magunia Ghalani
Dada, mimi ni mkulima. Asubuhi ile tulishakubaliana kwenda kukaa kwenye geti la halmashauri. Tulipokusikia redioni tukaenda AMCOS, chama chetu cha msingi cha ushirika, tukakuta majina yetu bado yanahakikiwa. Ungenyamaza ingekuwa vurugu bure.

Kalamu ya Lindi
Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inatoa siku 30 kumjibu mwombaji. Sasa uvumi wa usiku mmoja utausubirisha siku 30? Sisi waandishi tusipopata afisa tunaandika "hakupatikana" na uvumi unabaki ulivyo. Mwombe Mkurugenzi kibali cha maandishi: tarehe za minada, maghala na utaratibu wa malipo ujibu mwenyewe. Tuhuma na mambo ya fedha za halmashauri yamsubiri yeye, au anayekaimu.

Jirani Masijala
Kuhama sahau kwa sasa. Maombi yanapita kwa mwajiri huyohuyo, na ukiomba barua ikiwa wazi wataona unakimbia. Mambo yakitulia, peleka dokezo kabla ikama na bajeti ya mishahara ya mwaka ujao hazijafungwa. Orodhesha kazi ulizofanya mwezi mmoja, tarehe kwa tarehe. Huku ukisubiri, omba mtu wa TEHAMA akushikie tovuti na upewe mwanafunzi wa mazoezi kwa vifaa vya picha.

Binti wa Shangani
Ahsanteni, mmenituliza kweli. Naandika usiku huu. Ile sauti ya WhatsApp nayo niiambatishe?

Mzee wa Mikindani
Iandike neno kwa neno, na saa uliyoipokea. Nakala ya kila kitu weka nyumbani.