Ofa ya asilimia 60 chuo cha Marekani, hiyo asilimia inakatwaje?

kaka_mkubwa_Nandi: Wadau habari zenu. Mdogo wangu anakimbia mita 5,000 na mbio za nyika, amepata ofa mbili za skolashipu za vyuo Marekani. Moja ni Divisheni ya Kwanza (D1), ngazi ya juu ya NCAA, kile chama kikubwa cha michezo ya vyuo, wanampa asilimia 60, nyingine ni ya NAIA, chama kingine cha vyuo vidogo, wanampa 80. Mzee hapa nyumbani amekataa kabisa, anasema mtu haitwi kukimbia halafu atoe pesa tena, kwani Cheserek, yule mkimbiaji wetu, pale chuo cha Oregon alilipa? Sasa mbona wasitoe yote tu? Na zile skolashipu 12.6 watu wanazotaja, hiyo nukta sita ni nusu mtu ama?

mbio_ndefu: Hiyo nukta ndo siri yenyewe kaka. Mpaka juzi timu ya wanaume D1 ilikuwa na skolashipu 12.6, wanawake 18, na hizo si za wa mbio ndefu peke yao, kuna wa mita 100, wa kuruka, wa tufe, wote sufuria moja. Kocha anapasua anavyotaka, huyu robo, yule nusu, mwingine apewe vitabu tu ashukuru. Afadhali hata sisi wa ndefu maana mtu mmoja anatumika nyika, riadha ya ukumbini na ya uwanjani, na kwa nyika wanakimbia saba lakini pointi ni za watano wa kwanza, kwa hiyo ukionekana utakuwa ndani ya hao watano pesa inakufuata, ukiwa wa sita au wa saba unaokota makombo. Juni 2025 mahakama ikapitisha makubaliano ya kesi ya House, ile ya wanamichezo walioishtaki NCAA, vyuo vilivyoingia humo havina tena hiyo 12.6, wamewekewa kikomo cha watu tu, 17 nyika na 45 riadha. Usifurahi haraka lakini, kuruhusiwa kutoa si kuwa nazo, pesa kubwa inamezwa na futboli yao na basketi.

dada_wa_baridi: Shikamoo kwa mzee. Kaka achana na asilimia, uliza dola zinazobaki. Chuo cha dola 50,000 kwa mwaka wakikupa 60 unabaki na 20,000 za kulipa, cha 30,000 wakikupa 80 unabaki na 6,000. Halafu uliza hiyo 80 ni ya NINI, maana kuna vyuo vinapiga asilimia kwa ada peke yake, chumba na chakula juu yako. Kitu kingine watu hawaambiwi, kabla hawajakutolea ile fomu ya I-20 ya kuombea visa lazima uonyeshe kwa karatasi za benki kwamba hilo baki mnalo, hapo ndo familia zinaanza kuuza ng'ombe. Na sehemu ya skolashipu inayolipa chumba na chakula inakatwa kodi, kwa sisi wenye visa ya mwanafunzi ya F-1 ni asilimia 14, mimi nilishtuka kweli. Kazi ni ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na ukichanganya na mazoezi ya asubuhi hizo saa hata huzimalizi.

kaka_mkubwa_Nandi: Eh, nimeifungua barua ya NAIA tena, imeandikwa ada tu. Asante dada.

mbio_ndefu: Basi rudi kwa kocha umuulize tena, hakasiriki, ndo kazi yake. Uliza ni ya mwaka mmoja au minne, na mtoto akiumia inakuwaje. Kama ana gredi nzuri aombe na ya masomo juu yake, hiyo haitoki kwenye mfuko wa kocha. Graham Blanks alichukua ubingwa wa nyika wa NCAA 2023 na 2024 akiwa Harvard na kule hawatoi skolashipu ya michezo hata senti, wanaangalia uwezo wa familia.

Tufe_la_Chuma: Na ajenti yeyote akitaka asilimia ya skolashipu mkimbieni. Kaka weka muda wa kijana hapa, na useme ulichukuliwa Eldoret kwenye mwinuko au chini, na kama ulipimwa kwa saa ya kubonyeza kwa mkono usifiche.