Mjadala: Kabla ya jumba jingine la maduka Nyali, mwenye duka dogo apewe mkataba

Mwanzilishi wa hoja, Majengo

Assalamu aleikum na hamjambo nyote. Naleta hoja hii tuijadili kwa uzito wake, maana inatugusa sisi tunaokula kutokana na duka.

Kila mara tunaambiwa soko la majengo ya biashara Mombasa linakua. Anayesema hivyo huwa anatazama ng'ambo ya daraja la Nyali: Nyali Centre, City Mall, Promenade, na yale maghorofa yenye maduka chini na fleti juu yanayofuatana Bamburi, Shanzu hadi kuingia Mtwapa. Majengo yapo, siyakatai. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii, na wengi wao hawalali kisiwani. Maduka kuwafuata watu ng'ambo si ajabu.

Lakini mimi soko la maduka nalipima kwa jambo moja: aliyekodi anaweza kukaa pale muda wa kutosha kurudisha pesa alizoingiza? Kwa kipimo hicho hatujasogea. Na nasema waziwazi, kaunti isiidhinishe jumba jingine la maduka mpaka swali la mikataba ya wenye maduka madogo lipate jibu.

Tuna sheria ya tangu 1965, ile Sura 301 ya sheria za Kenya, inayomlinda mpangaji wa duka. Kama huna mkataba wa maandishi, au unao lakini haupiti miaka mitano, mwenye nyumba hawezi kukupandishia kodi au kukutoa kwa maneno ya mdomo. Lazima akuandikie notisi kwa fomu iliyowekwa na sheria, ya miezi miwili au zaidi, nawe una haki ya kuipinga mbele ya jopo la kodi za majengo ya biashara. Sasa chukua mkataba wa jumba kubwa uusome. Utakuta muda wa miaka mitano na miezi mitatu, au miaka sita kamili, bila kipengele cha kuukatiza njiani. Ile miezi mitatu imewekwa makusudi. Inakutoa nje ya ulinzi wa Sura 301, na nyongeza ya kodi ya kila mwaka imekwisha kuandikwa humo.

Tusiende mbali, turudi mjini. Ingia duka la zamani barabara ya Digo, lile ambalo wazee wetu walilijua likiuza vitambaa tupu. Limegawanywa kwa mbao na vioo kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Stoli ya kwanza kava za simu, ya pili mabuibui, ya tatu viatu vya watoto vimening'inizwa kwa kamba, na ya mwisho kabisa fundi wa saa anayefanya kazi kwa taa mchana. Mita ya umeme ni moja, na choo ni cha kuomba jirani. Ili uingie humo unatoa kilemba, hiyo gudwili, pesa ambayo hairudi na aghalabu haina risiti. Humlipi mwenye jengo. Unamlipa mtu wa kati aliyekodi duka zima, na mwenye jengo hakujui hata kwa jina. Siku mtu wa kati akilemewa na deni, dalali wa mnada anakuja kukamata mali ya dukani, na wewe unabaki ukieleza mbele ya watu kwamba hii ni yangu na ile si yangu.

Na wale walioingia kwenye majumba makubwa? City Mall wengi wetu bado tunaiita Nakumatt. Supamaketi hiyo iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ifilisiwe. Shoprite ya Afrika Kusini ikaja ikachukua nafasi, nayo ikafunga 2020, kisha Carrefour ikaingia. Kwa mwenye jengo huko ni kubadilisha mpangaji. Kwa mwenye kiduka cha vipodozi ndani ya jengo, ile ni miezi ya kukaa kitini akitazama ukumbi mtupu huku kodi iko palepale. Isitoshe, katika majumba ya aina hii supamaketi kubwa hulipa kodi nafuu kwa kila futi ya mraba kuliko maduka madogo, kwa kuwa ndiyo inayovuta watu. Mdogo ndiye anayembeba mkubwa, na mkubwa akianguka hakuna anayempunguzia mdogo.

Semeni.

Dalali wa majengo, Nyali

Ndugu yangu wa Majengo, nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu. Lakini hapo pa kusimamisha vibali sikubaliani nawe hata kidogo.

Benki haimkopeshi mtu kujenga kwa sababu ana ramani nzuri. Inataka kuona wapangaji waliotia sahihi, na muda mrefu. Mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu ndio unaolijenga jengo lenyewe. Na usisahau kwamba unamlinda mpangaji pia: kwa muda wote huo mwenye jengo hawezi kukuamkia akakuambia mwanangu amerudi kutoka Ughaibuni, nataka duka langu. Nyongeza unaijua kabla hujatia sahihi. Wangapi mjini wanaijua?

Halafu unauliza kwa nini pesa zinavuka daraja. Kaka, hapo kwako Majengo nyumba ni ya mtu na ardhi ni ya mwingine. Mji wa Kale kuna nyumba za wakfu, na kuna nyumba zenye warithi wametapakaa kutoka Lamu hadi Muscat. Mimi nimekaa na wateja wenye pesa taslimu wanaotaka kujenga kisiwani, tukatafuta hatimiliki iliyo safi, tukachoka. Nyali ploti imepimwa na ina jina moja. Ukifunga vibali Nyali, pesa zile hazitarudi Majengo, zitavuka hadi Kilifi. Mtwapa si kaunti yetu, na wenzetu kule wanatusubiri.

Tena kuna kuegesha gari, kuna choo, kuna mama anayeweza kutembea na watoto wake bila kupigiwa honi na tuktuk. Mambo haya yana thamani kwa watu.

Muuza vitunguu, Kongowea

Kaka zangu, mnabishana juu ya vioo. Njooni Kongowea siku ya mvua.

Lori limetoka Tanzania na vitunguu, jingine limeshuka Taita na kabeji. Yote yanateremshia kwenye matope. Hamali anabeba gunia mguu ukizama, na gunia la chini kabisa likilowa limekwenda. Vitunguu vikipata maji siku mbili havina mnunuzi, unabaki kuvichambua maganda ukitafuta vya kuokoa. Naweka mbao chini na turubai juu, na turubai nanunua mwenyewe. Ushuru wa soko silipi pungufu kwa sababu ya mvua.

Hoteli za pwani, shule, wenye vibanda wa Kisauni na Mlaleo, wote wanapita hapa. Hata supamaketi mnayoizungumzia, mboga zake zina ndugu zao hapa. Soko linalolisha mji mzima halina paa la kutosha wala mtaro unaopitisha maji, halafu mnaniambia biashara ya majengo imekua. Jumba la maduka halinipunguzii mteja mimi. Anayenunua nusu gunia haendi kule. Ninachotaka ni kujua kwa nini barabara ya kwenda kwenye jumba inatiwa lami haraka, na ya kuingia sokoni inatiwa vifusi.

Muuzaji dukani, Bamburi

Mimi nimeajiriwa katika mojawapo ya majumba hayo. Nina barua ya kazi, naletewa mshahara kwa benki. Kabla ya hapo niliuza viatu vya mtumba kando ya barabara mpaka askari wa kaunti wakabeba mzigo wote na sikuuona tena. Wakubwa zangu, mkisema majumba yasimame, mtuambie na sisi vijana twende wapi.

Mrithi wa nyumba, Mwembe Tayari

Nami naomba nisikilizwe, kwa sababu katika mjadala huu mwenye nyumba amefanywa ndiye mbaya.

Sisi ni ndugu wengi, tumerithi jengo lenye maduka chini. Mpangaji mmoja aliingia wakati wa marehemu baba, kwa kuaminiana, bila karatasi. Kodi anayotulipa leo haitoshi kupaka rangi ukuta wa mbele. Lakini yeye ndani amelikata duka kuwa stoli, kama alivyoeleza mwanzilishi, na kila stoli inamlipa karibu kile anachotulipa sisi kwa duka zima. Vilemba vyote vinaingia mfukoni mwake. Tukitaka kupandisha kodi, Sura 301 hiyohiyo ndiyo anayotuonyesha. Tumepeleka notisi, ikapingwa, kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Maji ya mvua yanapita darini na pesa za kuezeka hatuna.

Kwa hiyo ndugu yangu unaposema sheria inamlinda mdogo, mimi nakuuliza: mdogo ni nani hapo? Yule fundi wa saa, au yule aliyemkodisha? Sheria inamlinda mtu wa kati dhidi yetu, na fundi wa saa haipo naye.

Mwanzilishi wa hoja, Majengo

Nimewasoma wote, na nimekaa zaidi na maneno ya ndugu yetu wa Mwembe Tayari, kwa sababu ameligusa jipu lenyewe.

Ndugu, sheria ile haikukufunga mikono. Mpangaji aliyekosa kodi ya miezi miwili, mwenye jengo anayetaka kubomoa na kujenga upya, au anayetaka kulikalia duka mwenyewe kwa mwaka au zaidi, hizo zote ni sababu ambazo jopo linaweza kukubali. Na kodi ya zamani isiyolingana na wakati, jopo lina mamlaka ya kuikadiria upya. Kesi kuahirishwa mpaka darini kukaoza, hilo ni dhuluma na nakuunga mkono ulipigie kelele. Lakini ulilosema kuhusu fundi wa saa ndilo ninalolishikilia. Analipa kodi ya juu kuliko wote kwa futi moja ya mraba katika mji huu, na ndiye pekee ambaye jina lake halipo kwenye karatasi yoyote. Mpangaji wa stoli aandikwe. Mkataba uwe wa Kiswahili, wenye jina lake, jina la mwenye jengo, kiasi cha kilemba na tarehe. Kaunti inampa kila mmoja wetu leseni ya biashara kila mwaka na kupokea pesa zake. Fomu ile ya leseni inaweza kudai nakala ya mkataba, na mwenye jengo akikataa kuutoa ajulikane ni nani.

Dalali, hoja yako ya benki ni nzito na sitaikwepa. Sitaki kuwafukuza wenye pesa waende Kilifi. Ila kibali cha kujenga na cha kubadilisha matumizi ya ardhi ni mali ya umma, na anayepewa anaweza kuwekewa sharti. Sharti langu: sehemu ya chini ya jengo ikatwe maduka madogo ambayo mikataba yake inabaki ndani ya Sura 301. Supamaketi ichukue miaka yake mingi, benki itosheke nayo. Mwenye kiduka cha vipodozi aachiwe ulinzi wake. Asiyelikubali sharti hilo kibali chake kingoje, na hapo sijarudi nyuma.

Mdogo wangu wa Bamburi, kazi yako naiombea idumu. Wewe mwenyewe umesema ulivyopoteza mzigo wako barabarani. Ungekuwa na stoli yenye mkataba, ungechagua.

Muuza vitunguu, Kongowea

Haya, na sisi? Mwenye nyumba wetu ni kaunti. Sura 301 yenu inamlazimisha na yeye kutuandikia notisi?

Mwanzilishi wa hoja, Majengo

Hapana, dada. Sheria ile inasema wazi kwamba upangaji ambao serikali kuu au serikali ya mtaa ni mmoja wa wahusika haumo ndani yake. Kizimba chako cha Kongowea, meza ya mwenzako wa Marikiti, vyote viko nje. Wanaweza kukuhamisha bila ile notisi ya miezi miwili, na jopo halina la kusema.

Kwa hivyo nabadilisha mpangilio wa madai yangu. Katiba ya 2010 iliweka masoko mikononi mwa kaunti. Bunge la kaunti linaweza kuandika kanuni yake lenyewe kwa wapangaji wa masoko: notisi ya maandishi, muda unaojulikana, na mahali pa kukata rufaa. Hilo liwe la kwanza, kabla hatujamgusa mwenye jengo hata mmoja wa Nyali au Mwembe Tayari. Mwenye risiti za ushuru wa soko, au barua yoyote ya kugawiwa kizimba, hata ya zamani iliyochanika, aitunze na aseme hapa ina maneno gani. Tunataka kuona kaunti imewahi kuwaahidi nini kwa maandishi.