MJADALA: Beki wa daraja la nne Uingereza ana nafasi halali Taifa Stars?

Wakuu, kila kikosi cha Taifa Stars kinapotangazwa maneno ni yale yale. Jina la beki wa kulia Haji Mnoga likisomwa, mtu anashika simu, anatafuta klabu yake, anakuta Salford City ya League Two, na hukumu inatoka hapo hapo: "Huyo anacheza mchangani Uingereza, tuna Kapombe wa Simba hapa nyumbani, wa nini tena?" Kwenye AFCON ya Ivory Coast, Januari 2024, kelele zilikuwa kubwa zaidi, maana aliitwa akiwa Aldershot Town, daraja la tano. Kikosi hicho kilikuwa pia na Tarryn Allarakhia wa Wealdstone, daraja hilo hilo, na Ben Starkie aliyekuwa anacheza chini zaidi ya hapo.

Nauweka msimamo wangu mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Beki aulizwe amecheza dakika ngapi, za namna gani, na amekabana na nani. Jina la daraja lije baadaye sana.

Tuanze na safari yenyewe, kwa sababu wengi wanaijua klabu ya sasa tu. Mnoga amezaliwa Portsmouth mwaka 2002, akakulia kwenye akademi ya klabu ya mji huo, na mwaka 2018, akiwa na miaka 16, akachezeshwa timu ya wakubwa kwenye EFL Trophy, kombe la klabu za madaraja ya chini. Portsmouth wakati huo walikuwa League One, daraja la tatu. Baada ya hapo akaingia kwenye njia wanayopita mabeki vijana wengi wa Uingereza, yaani mkopo. Alikwenda Bromley, akaenda Weymouth, akaenda Gillingham, kisha Aldershot. Portsmouth walipotwaa ubingwa wa League One mwaka 2024 na kupanda Championship, daraja la pili, msimu huo yeye alikuwa Aldershot. Kiangazi kile kile akahamia Salford.

Kuna watu wanaiangalia orodha hiyo wanaona kijana aliyekataliwa kila anakokwenda. Mimi naona kijana aliyekabidhiwa kazi ya watu wazima mapema. Angebaki klabuni angekuwa anacheza mechi za vijana, ambazo matokeo yake hayamnyimi mtu usingizi. Kwa mkopo kwenye National League, yaani daraja la tano, anakutana na straika wa miaka 33 ambaye mkataba wake unaisha mwezi Juni, ana familia ya kulisha, na anajua mabao manane zaidi yatampa mwaka mwingine wa kazi. Straika wa hivyo anakusukuma kwa kiwiko, anakuvuta jezi, anakusubiri mpira ukiwa hewani akuwekee mgongo. Hakuna akademi inayoweza kukufundisha hayo kwa ubao na kalamu.

Halafu tutazame idadi ya mechi. League Two ina timu 24, kwa hiyo kila timu inacheza mechi 46 za ligi, na National League ni hivyo hivyo. Juu yake kuna FA Cup, na kwa walio League Two kuna pia Carabao Cup na EFL Trophy. Ligi yetu ya NBC yenye timu 16 ina mechi 30. Huko chini unacheza Jumamosi, unapanda basi, unacheza tena Jumanne usiku kwenye uwanja uliolowa, na hiyo ndiyo miezi ya Novemba hadi Machi. Beki anayevuka misimu miwili ya namna hiyo bila kuanguka ana mwili wa kimataifa, hata kama jina la klabu yake halifahamiki Kariakoo.

Na kazi yenyewe ikoje? Timu nyingi za madaraja hayo hazina muda wa kupiga pasi nyingi nyuma. Mpira unapigwa mrefu, beki anaruka, mpira unadondoka, na hapo kinachoamua ni nani anafika kwanza kwenye mpira wa pili. Mpira wa kurusha kwa mikono ni silaha kamili. Wrexham walipopanda kutoka National League mwaka 2023 walikuwa na beki wao Ben Tozer, ambaye mpira wake wa kurusha ulikuwa na hatari ya kona. Beki wa kulia anayekutana na mashambulizi ya aina hiyo kila wiki anajifunza kugeuza mwili ili aone mpira na mtu kwa pamoja, anajifunza wakati wa kumwachia beki wa kati na wakati wa kuruka mwenyewe. Mnoga anaweza pia kucheza beki wa kati, na kwa kimo chetu pale nyuma hilo si jambo dogo.

Kumbukeni AFCON ya Morocco, Desemba 2025. Bao la kwanza tulilofungwa na Nigeria lilikuwa la kichwa, na mfungaji alikuwa beki, Semi Ajayi. Huyo Ajayi ametokea wapi? Amepita Crewe kwa mkopo, akakomaa Rotherham ikiwa League One, na alikuwemo walipopanda mwaka 2018. Nigeria, taifa lenye wachezaji kila kona ya Ulaya, halikuona aibu kumchukua mtu aliyekomazwa kwenye viwanja hivyo tunavyoviita vya mchangani. Sisi ndio tunaona aibu.

Sasa hoja ya upande wa pili, na hapa sitaki kuikwepa kwa sababu ni nzito. Mabeki wetu wa ndani wamefanya mambo makubwa Afrika. Machi na Aprili 2024 Yanga walicheza na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakatoka 0-0 nyumbani na 0-0 ugenini, wakatolewa kwa penalti tu. Bacca, Job na Mwamnyeto ni mabeki wa klabu hiyo, na mtu akiniambia wanastahili kuanza Stars mbele ya yeyote anayecheza League Two, nakubali bila kubishana. Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2025. Na upande wa Salford kuna jambo la kuuma: Januari 2025 walikwenda Etihad kwenye FA Cup wakafungwa na Manchester City 8-0. Anayeyaleta matokeo hayo kwenye mjadala analeta ukweli.

Lakini tofautisheni beki wa kati na beki wa pembeni. Beki wa pembeni wa Simba au Yanga kwenye mechi nyingi za ligi anacheza kama winga. Timu yake inamiliki mpira, wapinzani wamejaza watu nyuma, yeye kazi yake ni kupanda na kumwaga krosi. Wiki tatu mfululizo anaweza asikabwe koo hata mara moja. Kisha anavaa jezi ya taifa, anakutana na Morocco, na kwa dakika 90 anazuia tu. Kapombe ana uzoefu wa mechi za CAF unaomsaidia, simpunguzii heshima yake hata chembe, ila mechi hizo kwa mwaka ni chache. Mnoga mazingira ya kubanwa nyuma, krosi zikimiminika na mwamuzi akiacha mpira uendelee, anayaishi karibu kila Jumamosi. Kocha mwenye akili anawaita wote wawili, anamtumia mmoja tukiwa na mpira na mwingine tukijua hatutakuwa nao.

Kuhusu umbali kati ya madaraja, nao tunaukuza kupita kiasi. Novemba 2023 Aldershot, wakiwa daraja la tano, walikwenda kwa Swindon Town wa League Two kwenye FA Cup wakashinda 7-4. Ndiyo, ukuta ulioruhusu mabao manne haustahili sifa siku hiyo, lakini mechi inaonyesha kuwa kati ya daraja la nne na la tano hakuna ukuta wa mawe. Wrexham walipanda mara tatu mfululizo, kutoka National League 2023 hadi Championship 2025. Pesa zilichangia sana, najua.

Mataifa mengine yanafanyaje? Wales waliporudi Kombe la Dunia mwaka 2022 baada ya miaka 64, kwenye kikosi chao alikuwemo beki Chris Gunter, mwenye mechi zaidi ya 100 za taifa, akiwa anachezea AFC Wimbledon ya League Two. Cape Verde walimpata beki wao Pico Lopes, mzaliwa wa Dublin anayechezea Shamrock Rovers ya Ireland, kwa ujumbe wa LinkedIn ambao mwanzoni aliupuuza. Na beki huyo akafika nao robo fainali ya AFCON 2023, kisha wakafuzu Kombe la Dunia 2026. England wenyewe, Machi 2025, walimpa Dan Burn mechi yake ya kwanza akiwa na miaka 32. Alianzia Darlington, League Two. Angehukumiwa kwa daraja alipokuwa kijana, leo angekuwa anafanya kazi nyingine.

Hoja ya uraia pacha nimeiona kwenye michango mingi. Sheria yetu inajulikana, haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na FIFA wanataka mchezaji awe raia wa nchi anayoichezea. Hilo ni la wizara na TFF kulimaliza, na lingemgusa hata kijana anayecheza Arsenal. Halina uhusiano wowote na League Two, kwa hiyo tusilitumie kuficha dharau yetu kwa klabu ndogo.

Ninachokitaka mimi ni kipimo kimoja kwa wote. Mchezaji wa nje ambaye haanzi klabuni kwake asiitwe kwa sababu ya pasipoti au lafudhi. Wa ndani anayekaa benchi Simba, Yanga au Azam mwezi mzima naye asiitwe kwa sababu ya rangi za jezi. Na TFF wapeleke mtu akae jukwaani Salford au Rochdale Jumanne yenye mvua, aone kwa macho yake, maana vipande vya video vinaonyesha mabao na havionyeshi beki aliyefunga njia mpira usifike. Mnoga akipoteza namba Salford miezi mitatu, nitasema aachwe nyumbani.

Kwa hiyo wanaopinga, naomba tusirushiane jina la ligi. Nitajieni beki wa kulia mnayemtaka, mseme msimu huu amecheza mechi ngapi akiwa chini ya shinikizo, na winga gani amemkaba akamshinda. Mkimleta mwenye hesabu nzuri kuliko Mnoga, awe anatoka Namungo au Mashujaa, nitasimama upande wenu.