Hijama kwa mama mwenye presha, wadau wa kusini nisaidieni

KoroshoGredi2
Wakuu salaam. Bi mkubwa wangu ana miaka 61, tupo Chikongola hapa Mtwara, mgongo na mabega vinamtesa tangu msimu wa korosho uliopita, si mnajua kazi ya kuinama kutwa nzima unaokota na kutoa mabibo. Dawa za kuchua kamaliza zote. Sasa shoga yake wa Mikindani kamwambia akapige hijama, ile ya kuvutwa damu kwa vikombe, yeye kafanya mara mbili anasema anainuka kitandani mwenyewe. Shida bi mkubwa anameza dawa za presha na ile aspirini ndogo. Juzi nikaenda kwa mtaalamu kuulizia, akanionyesha kwenye simu damu nyeusi imeganda kama maini, ndo damu chafu hiyo anasema, na akishaanza tu vidonge aache. Hapo nikasita. Nani kashafanya?

MjukuuWaMingoyo
Mie nimefanya mara tatu kaka. Anavuta ngozi kwa kikombe cha plastiki na kipampu, dakika chache anakitoa, anachanjachanja na wembe juujuu halafu anarudisha kikombe damu inajaa. Uchungu wake kama siafu wamekuvamia. Shingo ilipata nafuu sidanganyi, ila baada ya wiki kadhaa ikarudi palepale. Na uwahi, tarehe 17, 19 na 21 za mwezi wa kiislamu panajaa kwelikweli.

MzeeWaPembe
Nyie mnaita hijama sie tulisema kuumikwa. Babu yangu Lindi alikuwa na chuku tatu za pembe ya ng'ombe, kila moja ina kitundu nchani, anabandika, anafyonza hewa kwa mdomo kisha anaziba kwa nta. Pembe zilezile mtaa mzima, nikikumbuka leo mwili unasisimka. Si ajabu anayekuza maneno tunasema anapiga chuku, na huyo aliyekwambia vidonge viachwe kapiga chuku bila hata pembe.

NesiWaZamu
Mzee umenichekesha. Kaka, damu yoyote ikikaa kwenye kikombe inaganda na kuwa nyeusi, hata ya mtoto mwenye afya, sio uchafu. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo. Kuhusu maumivu ya mgongo wapo wanaopata nafuu hilo sikatai. Ila aspirini inazuia damu kuganda haraka, akichanjwa anaweza kuchuruzika sana, na presha ukiachisha vidonge ghafla unaomba kiharusi. Halafu virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza, kwa hiyo wembe ufunguliwe mbele yako na vikombe viwe vipya. Mjamzito, mwenye sikoseli au upungufu wa damu asiguse kabisa.

MtotoWaShangani
Dada kwani unapinga sunna?

NesiWaZamu
Sijapinga mdogo wangu, sunna haijasema mama aache vidonge. Na ipo hijama kavu bila wembe, yale mabaka aliyokuwa nayo Michael Phelps, yule muogeleaji wa Marekani, kwenye Olimpiki ya Rio 2016 ni hayohayo. Mtaalamu naye aulizwe kama kasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

KoroshoGredi2
Nimerudi wakuu. Nimemuuliza kuhusu usajili akaanza kunihadithia babu yake. Vikombe anasema anaviosha na maji ya moto na sabuni, nikaaga palepale. Jumatatu tunaanzia kliniki, tukaulize habari ya aspirini, na bi mkubwa kakubali kwa shingo upande kwamba hata akifanya iwe kavu. Ila shoga yake kamtumia picha ya mgongo wenye mabaka kama chapati, na mama tangu jana anawaonyesha majirani wote.