Nani aliwafundisha kuandika 450,000/= ndani ya seli ya Excel? Tumechoka jamani

Wakuu, salaam. Nimevumilia vya kutosha, leo nasema. Uzi huu unawahusu ninyi mnaojaza mafaili ya Excel mnavyojua wenyewe, halafu yakigoma mnatupigia simu watu wa uhasibu: "Kaka, fomula zako zimeharibika." Hazijaharibika. Mmeziharibu.

Naanza na hiyo /=. Kwenye risiti ya kuandika kwa mkono iko sahihi kabisa, inamzuia mjanja asiongeze sifuri mwishoni. Kwenye seli ya Excel ni sumu. Ukishaiweka, kompyuta haioni tena namba, inaona maneno tu, sawasawa na kama ungeandika "Juma". Ndiyo maana inaegemea kushoto mwa seli wakati namba halisi zinakaa kulia. SUM, fomula ya kujumlisha, ikipita hapo inairuka kimya, haiulizi. Mtu analeta orodha ya posho za semina, kolamu nzima ina /=, chini jumla inasoma 0, anaanza kulaumu kompyuta. Ukiandika =C2+C3 ndipo Excel inapiga kelele ya #VALUE!. Data ni ileile, fomula moja inasema sifuri, nyingine inagoma kabisa.

Na hiyo ya sifuri ina nafuu, maana unashtuka. Balaa ni pale watu kumi wameandikwa vizuri na watatu wana /=. Jumla inatoka, inapendeza, inaingia kwenye hati ya malipo, bosi anasaini. Pesa benki inapungua kwa watu watatu na hakuna alama yoyote ya kosa popote.

Kama umeshaletewa uchafu huo, kwenye kolamu ya pembeni weka =SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(C2,"/=",""),",","")*1 uishushe mpaka chini. Hiyo *1 ndiyo inayorudisha maneno kuwa namba, usiiache. Na kama roho yako inataka /= ionekane, fungua Format Cells, nenda Custom, andika #,##0"/=" umalize. Macho yako yataona /=, Excel itaona namba. Dakika moja tu, lakini hapana, mtu anaona heri aichape kwa mkono mistari mia.

Sasa nije kwenye kilichonipandisha presha mwezi huu.

Ofisini kwetu makato ya mkopo wa SACCOS yanaletwa kwenye shiti yao, sisi tunayavuta kwa namba ya mwanachama tukitumia VLOOKUP, fomula inayotafuta kitu kwenye orodha na kuleta kilicho kwenye mstari huohuo. Shiti yao namba zimeandikwa 0147, 0212, yaani maneno, kwa sababu zina sifuri mbele. Yetu zimeandikwa 147, 212, namba kamili. Kwa macho yako ni kitu kimoja, kwa VLOOKUP ni watu wawili wasiojuana. Inarudisha #N/A, na hiyo ni haki yake, inakwambia kwa adabu kwamba huyu mtu simwoni.

Mwenzetu mmoja kaona zile #N/A zinachafua kazi. Kafanya nini? Kazungushia IFERROR, ile inayobadilisha kosa lolote kuwa kitu unachokitaka wewe, kwenye kolamu nzima: =IFERROR(VLOOKUP(A2,Mikopo!A:D,4,FALSE),0). Shiti ikawa safi, inang'aa. Wanachama wote ambao namba zao hazikulingana wakasomeka wanadaiwa 0, mishahara ikatoka mizima bila makato. Wenyewe wamenyamaza, nani atakuja kulalamika kapewa pesa nyingi? Mwenyekiti wa SACCOS ndiye aliyekuja juu, na mezani alinikuta mimi.

IFERROR ya namna hiyo ni kubandika plasta juu ya taa ya oili kwenye dashibodi. Injini haijapona. Kama lazima uiweke, badala ya 0 andika "HAYUPO", mtu aone, atafute. Na kabla ya hapo jiulize kwa nini haonekani. Andika =A2=Mikopo!A2; ikijibu FALSE wakati macho yanakwambia ni sawa, pima =LEN(A2), inayohesabu herufi. Jina la Asha lina herufi nne. LEN ikisema 5, kuna nafasi imejificha mwishoni. TRIM inaiondoa. TRIM ikishindwa, jua jina lilikopiwa kutoka kwenye tovuti na nafasi hiyo ni ya aina nyingine, basi =TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")). Hii CHAR(160) imewatesa watu wengi sana wakidhani wamerogwa.

Nikiwa hapohapo kwenye VLOOKUP: ile FALSE ya mwisho si pambo. Ukiiacha, Excel inachukua TRUE, yaani inatafuta kinachokaribiana, na inadhani orodha yako imepangwa kuanzia ndogo kwenda kubwa. Kwenye jedwali la PAYE, yaani kodi ya mshahara, la Tanzania Bara hiyo TRUE ndiyo tunayoitaka, kwa sababu ngazi zinaanza 0, 270,000, 520,000, 760,000 na 1,000,000, na mshahara wa 810,000 unatakiwa udondokee kwenye 760,000: kodi ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya hiyo 50,000 iliyozidi, jumla 80,500. Safi. Lakini mtu akiichukua fomula hiyohiyo akatafutie akaunti ya benki kwa jina, kwenye orodha ambayo haijapangwa, atapewa akaunti ya mtu mwingine kabisa. Hakuna #N/A, hakuna chochote. Mshahara wa Neema unakwenda kwa Hamisi.

Na ninyi mnaozika asilimia ndani ya IF kumi zilizopandana, asilimia ya ngazi ya kwanza inayotozwa kodi ilishuka kutoka 9 kwenda 8 mwaka 2021. Mpaka leo napokea mafaili yenye 9%. Weka viwango kwenye jedwali lake, fomula zivisome huko, serikali ikibadilisha unabadilisha sehemu moja.

Mengine nayapitia haraka maana nikiyaingia sitalala. #REF! maana yake kuna mtu amefuta kolamu ambayo fomula ilikuwa inaitegemea. Bosi wangu anafuta kolamu kwa sababu "haipendezi kwenye kuprinti". Mzee, kolamu inafichwa, haifutwi. #NAME? kwenye faili lililokuwa zima jana, mara nyingi limeandikwa na XLOOKUP, mdogo wake VLOOKUP, kwenye Excel mpya halafu likafunguliwa kwenye Excel 2016 ya ofisi, ambayo haiijui. #### mara nyingi si kosa, panua kolamu, usinipigie simu saa nne usiku. Na fomula zikigoma kubadilika hata ukibadilisha namba, angalia kama Calculation imewekwa Manual. Tabia hii inaambukiza: faili la kwanza kulifungua ndilo linaloamua hali ya mafaili yote utakayofungua baada yake. Kuna mtu faili lake moja linatuharibia ofisi nzima.

Halafu kuna namba za NIDA, za kitambulisho cha taifa. Hapa naomba watu wa utumishi mnisikilize kwa utulivu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel inahifadhi tarakimu 15 tu za namba, zilizobaki inazigeuza sifuri. Ukiichapa bila vistari kwenye seli ya kawaida, tarakimu tano za mwisho zimekwenda, na hazirudi tena, hata ukabadilishe seli iwe maneno baadaye. Seli inafanywa kuwa Text KABLA ya kuchapa. Na faili la CSV, lile la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, msilifungue kwa kubofya mara mbili, liingizeni kwa njia ya Data mkichagua kolamu hiyo iwe Text. Nimeletewa orodha ya wafanyakazi ambayo kila NIDA inaishia na 00000, na aliyeileta anabisha kwamba "ndivyo zilivyo".

Hata mkizihifadhi vizuri kama maneno, msitafute zilizojirudia kwa COUNTIF, ile ya kuhesabu seli zinazofanana. Yenyewe inazisoma kama namba, inalinganisha zile 15 za mwanzo. Nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo watu wawili wa tarehe moja walioandikishwa sehemu moja wanaweza kuonekana ni mtu mmoja. Tumia =SUMPRODUCT(--($A$2:$A$500=A2)); ikizidi 1, imejirudia.

Najua kuna atakayesema haya ni mambo ya ofisi zetu za kubangaiza. Uingereza, mwaka 2020, katikati ya korona, wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye takwimu kwa wakati kwa sababu mafaili yalikuwa ya muundo wa zamani wa XLS usiovuka mistari 65,536. Iliyozidi ilikatwa kimya. Na wachumi wakubwa wa Harvard, Reinhart na Rogoff, wastani wao kwenye ile kazi maarufu ya madeni ya mataifa uliacha nje nchi tano kwa sababu fomula haikufika mwisho wa orodha. Aliyeigundua mwaka 2013 ni mwanafunzi, Thomas Herndon. Kote huko hakukuwa na #VALUE! wala #REF!. Kwa hiyo mkiona #N/A acheni kuitukana, hiyo ndiyo inayowasaidia. Fungua menyu ya Formulas, bonyeza Evaluate Formula, inakupeleka hatua kwa hatua mpaka pale ilipokwama. Na ukitaka kuwakamata wanaochapa namba juu ya fomula, bonyeza Ctrl na kile kitufe cha ` kilicho juu ya Tab. Fomula zote zinajitokeza, na namba iliyochapwa kwa mkono inabaki peke yake katikati ikikukodolea macho.

Sasa swali langu kwa mafundi wa humu. Nimeweka Data Validation kolamu ya kiasi ikubali namba tu. Ukichapa 450,000/= inakataa vizuri. Lakini hawa watu hawachapi, wanakopi kutoka Word wanapesti juu yake, inapokea bila kuuliza. Wakikopi kutoka shiti nyingine ndiyo kabisa, hata ile Validation yenyewe inafutika. Kufunga shiti yote siwezi, lazima wajaze. PAYE inatakiwa TRA tarehe 7 na nimeshaletewa shiti ya mwezi huu, mstari wa pili tu umeandikwa "laki nne na nusu". Mwenye mbinu ya kuzuia kupesti bila kuandika makro aiweke hapa chini, nitashukuru. Wa "jifunze kuwa mvumilivu" apite kimya.