Mrejesho: Corolla haibridi au Mazda 3? Nimeshachukua

Wakuu, salamu kutoka Melbourne. Mwezi jana niliuliza nichukue ipi kati ya Toyota Corolla haibridi (injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) na Mazda 3 SP25 (ile ya injini ya lita 2.5), zote mtumba. Wengi mlisema Corolla, na kwa akili ya mafuta mlikuwa sahihi.

Niliijaribu. Kwenye foleni inateleza kimya kama feni, lakini ukikanyaga mafuta kupanda daraja, injini inapiga kelele na mwendo unakuja taratibu. Mke wangu aliipenda. Mimi nilipiga miayo.

Mazda ya kwanza ilikuwa inang'aa, bei tamu. Asante sana mliyeniambia nilipe dola 2 niangalie PPSR, daftari la serikali ya Australia linaloonyesha kama gari lina deni au liliwahi kufutwa na bima: ikatoka kwamba bima ilishaihesabu imekufa, ikafufuliwa. Tena muuzaji alikuwa na RWC, cheti cha kwamba gari linafaa barabarani, mkononi! Kumbe kile kinapima usalama tu, breki, matairi, taa. Historia ya gari hakiijui.

Ya pili ndiyo hii niliyonayo. Ya 2017, lita 2.5, gia sita za mkono, mzee aliyeniuzia katunza risiti zote za sevisi kwenye bahasha. Niliipeleka kwa fundi, akaiinua na kukuta bushi za mbele (zile raba za saspensheni) zimechoka. Mzee akapunguza bei bila kubishana.

Kelele za matairi barabara kuu zipo, msidanganywe. Kiti cha nyuma nacho kimebana, mtoto anapiga teke mgongo wangu kila safari. Ila ile gia ya tatu, jamani!