Bibi wa Jambiani: hitma, deni la upatu na ruhusa ya kazini

Kutoka: Mjukuu wa Jambiani, Milton Keynes

Assalaam alaykum jamaa zangu,

Bibi yangu mzaa mama amefariki Jumanne alfajiri huko Jambiani, Zanzibar. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Adhuhuri ya huko alikuwa keshazikwa, na mimi ndiyo kwanza narudi zamu ya usiku, hata viatu sijavua. Mazishi ya kwetu hayangoji ndege, hilo nalijua na silalamiki. Jumapili ijayo tunamsomea hitma hapa ukumbini, na wazee wamenitaka niseme maneno mawili matatu kabla ya dua.

Sitaki kusema yale tunayoyasikia kila hitma, kwamba marehemu alikuwa mpole na hakugombana na mtu. Bibi kagombana na watu wengi. Na wanunuzi wa mwani, na sheha, na mimi kila siku ya Mungu kwa kuchelewa chuo cha Kurani. Babu alimwachia watoto, mdogo wao akiwa bado ananyonya, na upole haujazi chungu.

Kabla ya mwani ilikuwa makumbi. Watu wa pwani ya mashariki mnajua, wa mjini niwaeleze. Makumbi ya nazi unayafukia kwenye shimo pale maji yanapofika, unayawekea mawe juu yasichukuliwe, unayaacha miezi mpaka yaoze. Kisha unayafukua, unayaponda kwa mti mpaka utoke usumba, unaufua, unauanika, ndipo unakaa barazani na mguu umeunyoosha, unasokota kamba. Ile harufu haitoki nguoni kwa fuo moja. Bibi alikuwa na shimo lake, na mtu akilisogeza jiwe lake hata moja alilijua.

Mwani wa kupanda ulifika upande wetu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanaume wengi waliuangalia, wakaona malipo si ya kumtosha mtu, wakarudi kwenye ngalawa zao. Wanawake wakabaki nao. Toka hapo bibi akawa anaishi kwa bamvua. Mwezi ukiandama, na mwezi ukikamilika, maji yanapokupwa mbali, usimtafute nyumbani. Yumo baharini na soksi kuukuu miguuni kwa ajili ya miiba, kainama, anafunga vipando kimoja kimoja kwenye kamba. Baada ya kama wiki sita anavuna, anajitwika mwani mbichi, maji ya chumvi yanamchuruzika shingoni mpaka ngozi inamwasha, anakwenda kuuanika. Maji mafu ndiyo yalikuwa mapumziko yake, na katika mapumziko hayo alikuwa anasuka ukili.

Bati la nyumba yetu ni la mwani. Skuli tulisoma bila ada, lakini sare, madaftari na masomo ya jioni vilitaka pesa, na pesa ilikuwa imeanikwa uani. Mama alikuwa Muscat akifanya kazi kwenye nyumba za watu. Kuna miezi alituma, kuna miezi hakuweza, na bibi hakuwahi kumsema mbele yangu hata neno moja. Sisi wengine wote alitusema.

Nilipoanza kazi dukani hapa, siku moja napanga maziwa ya chokoleti kwenye rafu nikaona nyuma ya katoni imeandikwa E407. Hiyo ni karajinani, ile inayotolewa kwenye mwani. Nikampigia simu kumweleza. Akaniuliza, "Katoni bei gani?" Nilipomtajia kwa shilingi za kwetu alitoa tusi ambalo ukumbini siwezi kulirudia. Wakati ule kotonii, aina ya mwani iliyokuwa na bei nzuri, ilikuwa inaozea kwenye kamba kwa joto la maji, na yeye na wenzake wachache waliobaki wanapanda spinosamu, aina nyengine, ya bei ya kutupa. Aliendelea nayo mpaka magoti yalipokataa.

Sasa nisaidieni. Mjomba ananambia bibi alikuwa kwenye upatu na zamu yake keshaipokea. Je, michango iliyobaki ni deni lake? La pili, natamani niende nikamzuru kaburini, lakini ombi langu la kuongeza viza liko Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya hapa Uingereza, halijajibiwa. Na la tatu, kazini wanataka kuhesabu siku ya hitma kuwa utoro.

—

Kutoka: Ami yenu, Leicester

Mwanangu, Allah amrehemu bibi na akupeni subira.

La upatu kwanza kwa sababu ndilo zito. Ndiyo, ni deni. Keshakula zamu yake, kwa hiyo waliobaki wanamdai, na deni la maiti linalipwa kabla mirathi haijagawiwa. Usimtumie mjomba pesa ya jumla "ya msiba" ikapotelea kwenye mchele. Mpigie mwenyewe kijumbe wa upatu, mwombe akutajie zimebaki zamu ngapi na za nani, kisha mlipe hao. Watu wengi huku tunatuma pesa nyingi ya pilau na marehemu anabaki anadaiwa elfu ishirini na jirani. Kama kaacha kiwanja au minazi, warithi waende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mapema, kabla maneno hayajaanza.

La safari: tulia. Ukitoka nje ya Uingereza, Ireland na vile visiwa vya jirani kabla hujajibiwa, ombi linahesabiwa kuwa umelifuta. Ukirudi huna pa kushika. Zungumza na wakili wa uhamiaji, si na mimi wala na kundi la WhatsApp. Kaburi halihami.

La kazini: sheria ya hapa haimpi mfanyakazi siku za msiba zenye malipo kwa ajili ya bibi. Soma mkataba wako, waajiri wengi wameweka humo ruhusa ya huruma. Andika barua pepe na useme wazi kwamba ndiye aliyekulea, maana neno "bibi" peke yake kwao ni mtu wa kumtembelea Krismasi. Isipokubaliwa, omba siku ya likizo yako ya kawaida kwa maandishi, usiache tu kwenda.

Na ukumbini tafadhali ubani uchomwe nje. Mara ya mwisho king'ora cha moshi kililia katikati ya Yasini, zimamoto wakaja na buti zao, tukawapa haluwa na kahawa.

—

Kutoka: Bi Mkubwa wa Kibigija, Copenhagen

Mjukuu wangu, huyo bibi yako mimi nimepanda naye mwani, tena kamba zetu zilikuwa jirani. Hayo uliyoyaandika ni kweli, ila mawili umeyaacha, nadhani huyajui.

Ule ugomvi wake na wanunuzi ulikuwa wa mizani, hivi. Kila tukipeleka mwani mkavu tunaona uzito haufanani na mzigo tuliobeba. Wenzetu wananung'unika tu. Bibi yako akaenda dukani akanunua mchele wa kilo tano, mfuko haujafunguliwa, akautundika kwenye mizani ya mnunuzi mbele ya watu. Mizani ikasema nne na kidogo. Hakupiga kelele, aliutundua mchele wake, akajitwika na mwani wake, akaondoka, na sisi sote tukamfuata. Bamvua lililofuata ilikuja mizani mpya.

La pili, alikuwa muosha maiti. Akifariki mwanamke, hata usiku wa manane, wanakuja kumgongea. Hakupokea kitu, hata kanga ya shukrani alikuwa anairudisha. Wewe mdogo ulikuwa unaambiwa kenda kwa shoga yake. Alimuosha mama yangu, nami nilikuwa huku kwenye baridi, sikuwahi.

Hilo la pili lisemwe hitmani. La mizani useme ukipenda, najua kuna watakaocheka.

—

Kutoka: Mjukuu wa Jambiani, Milton Keynes

Ahsanteni sana. Shikamoo bibi, la kuosha maiti sikulijua kabisa, na mama nimemuuliza leo, naye anasema alikatazwa kutwambia. Yote mawili nitayasema.

Kijumbe nimempata, zimebaki zamu nne, naanza kulipa mwisho wa mwezi. Meneja kanipa siku moja bila malipo, inatosha.

Wasiofika Jumapili wanaweza kusoma huko huko waliko. Katika juzuu 30 zimebaki ya 11, ya 19 na ya 27. Anayechukua aandike hapa namba, tusisome mbili mbili kama mara ile.

—

Kutoka: Ami yenu, Leicester

Ya 19 yangu. Ya 27 mpe mke wangu.